Mkaa Uliao Kama Chuma: Safari ya Jiko la Mkaa la Kijapani

Katika miji yetu mkaa ni kitu cha haraka. Hununuliwa kwa kopo au kwa gunia, humiminwa jikoni, hupepewa, na chakula kikishaiva hakuna anayeukumbuka tena. Twaujua kwa weusi wake, kwa chenga zake na kwa moshi wake. Ndiyo maana msafiri atokaye kwetu hushangaa afikapo Japani, nchi ya treni za kasi na vyombo vya umeme vya kila namna, akaukuta mkaa umepangwa ndani ya boksi kwa urefu na unene, kila kipande mahali pake. Ukichukua vipande viwili vya mkaa huo na kuvigonganisha, husikii mlio wa kuni. Hulia kama chuma kilichogongwa kwa chuma.

Mkaa huo huitwa binchotani. Juu yake huchomwa samaki, mishikaki ya kuku na mboga katika majiko ambayo nayo yana historia yake. Makala haya yanaufuata moto huo kuanzia mlimani unakokatwa mti, kupita pwani unakochimbwa udongo wa jiko, hadi mezani ambapo Muislamu ana maswali yake ya kuuliza kabla ya kutia mkono. Mapishi ni sehemu tu ya kisa hiki. Sehemu kubwa ni ujuzi uliobaki katika mikono michache, na ambao katika miaka hii ya karibuni umetikiswa, tena kwa mtikisiko wa ardhi yenyewe.

Mlima na mti

Ukiondoka Osaka kwa treni ya haraka iendayo kusini, reli hufuata ufuko wa Rasi ya Kii, bahari ikiwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto. Baada ya saa mbili hivi unafika Minabe na Tanabe, katika mkoa wa Wakayama. Miteremko ya huku imejaa mashamba ya ume, tunda chungu la jamii ya plamu ambalo Wajapani hulitia chumvi na kulila na wali. Juu ya mashamba hayo, kwenye migongo ya milima ambako udongo ni haba na mawe ni mengi, upo msitu wa mwaloni mfupi wenye majani madogo yasiyopukutika. Mti huo huitwa ubame, na ndio mti rasmi wa mkoa. Hukua polepole sana, na kwa kuwa hukua polepole, nyama yake hushikamana ikawa ngumu. Ugumu wa mkaa huanzia hapo.

Wenyeji hawakuuacha msitu ule juu ya mashamba yao kwa bahati. Mizizi yake huzuia udongo usiporomoke na huhifadhi maji ya mvua. Katika msitu huo hukaa nyuki wa asili, ambao mwisho wa baridi huteremka kuchavusha maua ya ume. Mwaka 2015 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huu wa Minabe na Tanabe kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia nzima. Mchoma mkaa anahesabiwa ndani ya mfumo huo pamoja na mkulima na nyuki.

Siri ya kudumu kwa msitu ni namna ya kukata. Ubame huchipua mashina mengi kutoka kisiki kimoja. Mchomaji mwenye adabu ya kazi hakati yote. Huchagua mashina yaliyofikia unene unaofaa, akayaacha membamba yaendelee kukua. Mlima haubaki uchi hata siku moja, na baada ya miaka 15 hadi 20 anaweza kurudi kwenye kisiki kile kile. Akija mwenye pupa akafyeka kila kitu, msitu huchukua muda mrefu zaidi kurejea, na pengine anayeusubiri atakuwa mjukuu wake.

Jina la binchotani latokana na mfanyabiashara wa mkaa wa mji wa Tanabe, Bitchuya Chozaemon, aliyeuza mkaa huu katika zama za Genroku, kati ya mwaka 1688 na 1704. Watu wakalifupisha jina lake wakaupa mkaa. Hata leo wa Wakayama hutambulishwa kwa jina la kale la nchi ile: Kishu.

Tanuri linalosomwa kwa moshi

Magogo hayachomwi kama yalivyotoka mlimani. Matawi ya ubame yamepinda, na mkaa uliopinda haupangiki vizuri jikoni wala haujazi tanuri. Kwa hiyo mchomaji hutia mikato midogo penye pindo, akachomeka kabari za mti, gogo likanyooka. Kisha magogo husimamishwa wima ndani ya tanuri la mawe na udongo, na moto ukawashwa mdomoni.

Siku za kwanza ni za kukausha mti kwa joto lisilo na haraka. Halafu mlango huzibwa, ukaachwa upenyo mdogo tu wa hewa, na mti huanza kugeuka mkaa bila kuwaka. Hapo mchomaji hana budi kuwa karibu usiku na mchana. Husoma moshi. Mwanzoni ni mweupe, mzito na wenye unyevu. Baadaye huwa mwembamba wenye rangi ya samawati. Mwishowe hauonekani kabisa. Husoma harufu pia, kwa kuwa ukali wa uchachu puani humweleza mti umefikia wapi. Ujuzi huu hauandikiki ukakamilika. Mtu huupata kwa kusimama miaka mingi kando ya aliyemtangulia.

Siku ya mwisho huja hatua inayoutenga mkaa huu na mwingine. Kwetu, na hata Japani kwa mkaa wa kawaida mweusi, tanuri huzibwa kabisa hadi moto ufe ndani. Kwa binchotani hufanywa kinyume. Mchomaji hupanua upenyo kidogo kidogo na kuingiza hewa. Gesi zilizobakia ndani ya mti huungua, joto hupanda kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, na magogo hung'aa kama dhahabu iliyoyeyushwa. Hapo huvutwa nje kwa chuma kirefu, machache machache, kwa saa nyingi, mvutaji akiwa amelielekea lile joto kwa uso wake. Yakitoka hufunikwa kwa mchanganyiko wenye unyevu wa mchanga na majivu ili moto ufe ghafla. Majivu hayo huacha ukungu mweupe juu ya kila kipande, na ndiyo sababu ya kuitwa mkaa mweupe.

Kinachobakia karibu chote ni kaboni. Kipande chake huzama kikitiwa majini, hupitisha umeme, na wapo mafundi wanaovipanga vipande kwa urefu na kuvifanya ala ya muziki ya kugongwa. Jikoni huwaka kwa saa kadhaa bila ulimi wa moto na karibu bila moshi. Mkaa mweusi nao haukudharauliwa. Katika hafla ya chai ya Kijapani huchaguliwa mkaa mweusi ambao ncha yake, ikikatwa, huonesha nyufa zilizopangika kama petali za ua la krisanthemamu.

Tatizo ni watu. Katikati ya karne iliyopita Japani ilikuwa ikichoma takriban tani milioni 2 za mkaa kwa mwaka. Gesi na mafuta yalipoingia majumbani, soko likaanguka, na vijana wakateremka mijini. Waliobaki milimani wamezeeka. Mchomaji akiondoka, mlima nao hubadilika: miti isiyokatwa hunenepa na kuzeeka, na miti minene iliyozeeka ndiyo hushambuliwa zaidi na mdudu anayeeneza ugonjwa wa kunyausha mialoni. Kwa kitambo migahawa ilijitegemeza kwa mkaa kutoka China, mpaka China ilipopiga marufuku kuuza nje mkaa wa miti mwaka 2004. Leo sehemu ya mkaa mweupe hutoka Laos na Vietnam, na migahawa mingi hutumia mkaa wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Binchotani ya Kishu imebaki kuwa ya wachache.

Udongo wa Noto

Moto huu una makazi yake, na kuyaona yanakochongwa yatupasa tuvuke kisiwa kikuu hadi upande wa pili, pwani ya Bahari ya Japani. Huko Rasi ya Noto imechomoza baharini kama kidole, na kwenye ncha yake upo mji wa Suzu, mkoani Ishikawa. Mamilioni ya miaka iliyopita mahali hapo palikuwa chini ya maji, na mwani mdogo usioonekana kwa macho ulikuwa ukifa na kuzama, maganda yake yaliyo kama kioo yakirundikana tabaka juu ya tabaka. Tabaka hizo ziligeuka mwamba laini, mwepesi, uliojaa vitundu visivyohesabika. Vitundu vimejaa hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Ukichonga jiko kutoka mwamba huo, ndani patawaka moto mkali na nje ukuta hautaunguza kama bati liunguzavyo.

Jiko hilo huitwa shichirini. Ni fupi, la duara au la pembe nne, lina kitako chenye matundu cha kuweka mkaa na kidirisha kidogo chini kinachofunguliwa na kufungwa ili kupimia hewa. Jina lake hutafsirika kuwa rini saba, rini ikiwa sarafu ndogo ya zamani, sehemu moja ya elfu ya yeni. Wengi husimulia kwamba mkaa wa rini saba ulitosha kupikia, na hivyo jiko likasifiwa kwa kubana matumizi. Msomaji wa Afrika Mashariki atalikumbuka jiko letu la bati lenye bitana ya udongo, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 na kuvuka mipaka. Hekima ni moja: zuia joto lisipotee, na gunia litadumu.

Shichirini za kawaida hufinyangwa kwa kusaga udongo huo na kuushindilia katika kalibu. Zile za Suzu zenye sifa hazifinyangwi. Mafundi huingia katika mahandaki chini ya ardhi na kukata mwamba kwa patasi ndefu, pande zima zima, wakiangalia lisiwe na ufa. Pande hilo huchongwa kwa mkono lingali na unyevu wa ardhini, huokwa tanurini, kisha hufungwa ukanda wa chuma. Kwa kuwa vitundu vya asili havikuvunjwavunjwa, jiko la kuchonga ni jepesi na huhifadhi joto kuliko la kufinyanga. Lakini lina adui mmoja, nayo ni maji. Anayemwagia jiko hili maji ili kuzima mkaa hulipasua.

Adui mkubwa zaidi alitoka chini. Mei 2023 Suzu ilipigwa na tetemeko. Wakazi walikuwa bado wanatengeneza yaliyobomoka, na siku ya kwanza ya mwaka 2024, saa kumi alasiri, lilipokuja tetemeko la kipimo cha 7.6. Nyumba za mbao zilianguka kwa mitaa mizima, bahari ikapanda, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Hesabu ikaongezeka baadaye kwa waliokufa kutokana na dhiki za kuhama makazi. Matanuri ya mafundi wa majiko nayo yalibomoka. Septemba ya mwaka huo huo mvua kubwa ikaleta mafuriko juu ya msiba. Hata hivyo kazi haikufa, na majiko ya Suzu yamerudi kuuzwa. Walioirejesha waliacha kuhesabu hasara wakashika patasi, huku majirani wengi wakiihama rasi. Hiyo nayo ni subira, na yastahili kusimuliwa kwa watoto wetu.

Moto katikati ya nyumba

Kabla ya jiko la kubebeka kuenea mijini, moto wa Mjapani wa shamba ulikuwa katikati ya nyumba. Huitwa irori, yaani shimo la pembe nne katika sakafu, limejazwa majivu, na juu yake hushuka kutoka paani kulabu ya kutundikia chungu. Mara nyingi kitanzi cha kupandishia na kushushia kulabu hiyo huchongwa umbo la samaki, kiumbe wa majini akiwa kama mlinzi dhidi ya moto. Samaki wa mtoni huchomekwa vijiti na kusimamishwa majivuni kuuzunguka moto. Katika kijiji cha Shirakawa-go, kilichoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1995, msafiri anaweza kuketi kando ya irori chini ya paa la nyasi lililosimama kama viganja viwili vilivyokutana. Moshi wake hupanda hadi darini, ukakausha nyasi na kufukuza wadudu, hivyo moto uliompikia mtu ukamtunzia na paa.

Wapo wageni wanaodhani kuwa hibachi ni jiko la kuchomea nyama, kwa kuwa jina hilo limetumiwa hivyo Marekani. Kwao Wajapani hibachi ni seredani ya kuota moto wakati wa baridi: chungu cha majivu chenye makaa machache, wazee wamekizunguka, birika la chai juu yake.

Vyombo vya mchomaji

Mgahawa wa kuchoma mishikaki ya kuku, yakitori kwa lugha yao, hautumii jiko la duara. Hutumia konro, jiko refu jembamba kama mfereji. Halina wavu. Vimewekwa vyuma viwili sambamba, na vijiti vya mianzi hulala juu ya vyuma hivyo, nyama ikining'inia juu ya makaa bila kugusa kitu. Yasiyogusa chuma hayagandi wala hayachaniki.

Kando yake utaona vyombo vingine, kila kimoja na kazi yake. Kipo kikaango chenye kitako cha matundu cha kuwashia mkaa juu ya moto wa gesi, kwa sababu binchotani haishiki kwa njiti na karatasi; na ikipashwa kwa pupa au ikiwa na unyevu hupasuka kwa kishindo na kurusha cheche. Vipo vijiti virefu vya chuma vya kupangia makaa badala ya koleo, na upepeo wa mianzi na karatasi uitwao uchiwa. Na kipo chungu chenye kifuniko kizito. Kazi ikiisha, makaa yaliyobakia hutiwa humo, hufunikwa, hukosa hewa na kuzimika. Hayamwagiwi maji wala hayaachwi yaungue bure. Kesho yake makaa hayo yaliyokwisha kuonja moto ndiyo huwaka upesi na kuwashia mapya.

Moto mkali kwa mbali

Kwa nini taabu yote hii, ilhali gesi huwaka kwa kuzungusha kidole? Jibu liko katika namna ya joto. Gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji, na mvuke hulainisha ngozi ya samaki. Mkaa ulioungua vizuri hutoa joto kavu, nalo kwa sehemu kubwa husafiri kwa mnururisho usioonekana, kama joto la jua, likaukausha uso wa chakula upesi. Mafuta yakidondokea kaa, moshi mwepesi hupanda na kuacha harufu yake.

Kanuni ya wachoma samaki wa Kijapani ni fupi: moto mkali, kwa mbali. Anayemweka samaki karibu na moto dhaifu hupata samaki mkavu. Anayemweka karibu na moto mkali hupata aliyeungua nje na mbichi ndani. Kwa hiyo mchomaji hapunguzi moto, hupanga makaa. Upande mmoja huyarundika, upande wa pili huyatandaza, na upepeo humsaidia kuuamsha moto hapa na kufukuza moshi pale. Mkono wake hautulii. Wachoma mkunga wana msemo kwamba kuchomeka vijiti hujifunzwa miaka mitatu, kupasua samaki miaka minane, na kuchoma ni kwa umri mzima.

Muislamu mbele ya jiko

Samaki alitangulia nyama katika majiko haya. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alipiga marufuku kula nyama ya baadhi ya wanyama, wakiwemo ng'ombe na kuku, na kwa karne nyingi desturi hiyo iliacha alama katika meza ya Kijapani, hata Mfalme Meiji alipotangazwa kula nyama ya ng'ombe mwaka 1872. Historia hiyo humfaa Muislamu, kwa sababu chakula cha kale zaidi cha jiko la mkaa ndicho chenye shaka chache: samaki aliyepakwa chumvi na kuchomwa. Huitwa shioyaki. Samaki wa mtoni, ayu, hupindwa kwenye kijiti kama anayeogelea, na mapezi yake hushindiliwa chumvi yasiungue. Hakuna kingine kinachoongezwa.

Penye mchuzi ndipo penye tahadhari. Mishikaki mingi huchovywa katika mchuzi uitwao tare, unaopikwa kwa shoyu, sukari, mirini na sake. Sake ni pombe ya mchele, na mirini, ingawa ni tamu na huonekana kama sharubati nzito, ina kileo cha takriban asilimia 14. Baadhi ya migahawa hujivunia chungu cha tare kisichomalizwa miaka na miaka, kinaongezwa tu, na kila kijiti huchovywa humo humo, cha kuku na cha nguruwe. Kwa hiyo haitoshi kuuliza ni nyama gani. Uliza pia juu ya mchuzi, chungu, brashi na vyuma vya jiko. Neno shio, maana yake chumvi, huondoa mchuzi lakini haliondoi suala la machinjo ya kuku wala la jiko lililochomewa nguruwe. Shoyu ya kuchachushwa nayo huwa na kileo kidogo kinachojizalisha chenyewe. Juu ya hukumu yake muulize mwanachuoni unayemwamini, na wapo watengenezaji wanaouza iliyothibitishwa kuwa halali.

Alhamdulillahi, njia haikufungwa. Msikiti wa Kobe, wa kwanza kujengwa Japani, ulifunguliwa mwaka 1935, ukasalimika katika mabomu ya 1945 na katika tetemeko la 1995, na karibu yake yapo maduka ya vyakula vya halali. Tokyo nako kuna msikiti wa Tokyo Camii, uliojengwa kwanza mwaka 1938 na kufunguliwa upya mwaka 2000. Familia inayoishi huko inaweza kununua kuku wa halali, shichirini ndogo na mkaa, ikachomea uani kwa chumvi na ndimu, na watoto wakaonja ufundi wa nchi bila wazazi kuwa na wasiwasi rohoni.

Gesi isiyo na harufu

Lipo jambo moja ambalo kila mzazi anapaswa kulishika, awe Tokyo au Arusha. Binchotani haina moshi, na kwa sababu hiyo huwahadaa watu. Mkaa wowote unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa usingizini. Nyumba za kale za irori zilikuwa na mapaa marefu na kuta zinazopitisha upepo. Nyumba za leo zimezibwa. Shichirini ni jiko la uani au la barazani. Kwetu nako, baridi inapokaza, zipo familia zinazoingiza jiko chumbani ili kuota moto na kufunga mlango. Asilale mtu katika chumba chenye mkaa unaowaka, hata uwe mkaa wa thamani gani.

Kinachobaki mikononi

Wajapani wamegundua kwamba wakipoteza mchoma mkaa hupoteza na msitu, na wakipoteza fundi wa Suzu hawatampata mwingine kiwandani. Mkoa wa Wakayama umeuweka ujuzi wa kuchoma mkaa katika orodha ya urithi wake wa kitamaduni, lakini orodha haivuti magogo kutoka tanurini. Inayovuta ni mikono ya kijana aliyekubali kukaa mlimani na kujifunza moshi. Sisi tunaokata kwa wingi zaidi na kuchoma kwa haraka zaidi tunaweza kuazima mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi: kuacha mashina machanga yakue kisikini, kupikia jiko linalohifadhi joto, na kuweka karibu na jiko chungu chenye kifuniko. Usiku, chakula kikiisha kupakuliwa, makaa mazima yaokotwe na kutiwa humo, kifuniko kirudishwe, na asubuhi yatumike kuwashia chai.